Jalada la Mwalimu wa Ukerewe

Juzi usiku nilikuwa najaza kazi za wiki kwenye PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, mwanangu wa darasa la tano kaniegemea begani anasoma. Akauliza, "Mama, na siku uliyomkosea mtu unaiandika wapi?"

Nilitafuta pa kumwonyesha, sikupaona.

Ilikuwa 2004, mwaka tulioletewa fomu za MWAMTUKA, tathmini ya wazi, badala ya zile taarifa za siri ambazo mkuu wako alikujazia na wewe usizione. Nilikuwa na miezi minne masjala, chumba cha kutunzia majalada ya ofisi. Mkataba wa Huduma kwa Mteja ulikuwa umebandikwa pale mapokezi, nami nilikuwa nimeukariri wote.

Mzee wa masjala alikuwa msibani Magu. Akaingia mama mmoja, mjane wa mwalimu, kashuka meli ya Nansio, Ukerewe, asubuhi hiyo, anafuatilia mafao ya marehemu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa jalada liko kwenu."

Kwenye rejista jina halikuwemo. Nikapekua makabati, nikapekua hata yale majalada ya zamani yaliyorundikwa sakafuni chini ya dirisha, yamefungwa kwa kamba za katani. Nikarudi na mikono ya vumbi nikamwambia, "Mama, njoo kesho."

Hakunyanyuka. Alianza kufungua fundo la khanga, taratibu, kwa vidole, likagoma, akalifungua kwa meno. Akatoa noti mbili zilizokunjwa hadi zikawa kama kete, akazinyoosha mezani kwangu moja moja kwa kiganja. Nikadhani ananihonga, nikazisukuma.

"Sikupi," akasema. "Nakuonyesha. Hii ni nauli ya kurudi. Hii ni ya kula leo. Hiyo kesho unayoisema, nionyeshe iko wapi hapa."

Noti zile nazikumbuka mpaka mikunjo yake. Sauti hakuipandisha hata kidogo.

Nilimpeleka Kirumba kwa shangazi yangu akalala huko. Mzee alirudi siku ya tatu. Rejista hakuigusa. Aliinama chini ya dirisha, akavuta jalada moja katikati ya rundo, akapuliza vumbi. Mwalimu aliajiriwa kwa jina la ubatizo, akafa akijulikana kwa jina la babu yake, na Mzee alikuwa akiwajua wote wawili kuwa ni mtu mmoja. Jalada likapanda ngazi za juu, na yule mama sikumwona tena.

Wenzangu walimsifu Mzee. Mimi niliingiwa na hofu. Alibakiza mwaka mmoja astaafu, na ofisi nzima ilikuwa kichwani mwake. Semina zilitufundisha malengo na viashiria, vitu vya maana kabisa, lakini hakuna aliyekaa na Mzee kumuuliza anajua nini.

Nikanunua kaunta buku. Jioni, wengine wakishaondoka, yeye anataja, mimi naandika: jina la kwanza, jina la pili, kabati, rafu. Tulifika herufi M. Nikapata uhamisho.

Leo asubuhi nimempigia dada anayekaa masjala ile sasa, nikamuuliza kama bado lipo. Nikasikia droo zinafunguliwa. Akasema humo mna madaftari mengi, hilo langu lina rangi gani.

Jeusi, nikamwambia, mgongo mwekundu. Limeishia M.