Nilivyowavuta wacheza drafti wa Mwanjelwa kwenye sataranji

Kijiweni kwetu Mwanjelwa, jijini Mbeya, mchezo ni drafti ya vizibo vya soda. Ukileta ubao wa sataranji, watu watauliza farasi anaendaje, kisha hao, wanarudi kwenye vizibo. Kuwafundisha sheria peke yake hakukufua dafu. Kilichowashika ni historia ya ubingwa wa Uingereza.

Nilianza na mashindano ya kwanza, Hastings mwaka 1904. William Napier alilingana na Henry Atkins, wakarudiana, Napier akashinda. Walinisikiliza kwa adabu tu. Walichangamka kidogo kusikia kwamba Atkins, mwalimu wa shule, alichukua ubingwa mara 7 mfululizo, 1905 hadi 1911.

Aliyewateka hasa ni Mir Sultan Khan. Alikulia Punjab, kwenye sataranji ya Kihindi ambamo askari, ile kete ndogo ya mbele, hasogei hatua mbili hata anapoanza. Sheria za Ulaya alijifunza akiwa kijana mkubwa. Mwaka 1929 bwana wake, Sir Umar Hayat Khan, alimpeleka Uingereza, na mwaka huohuo akawa bingwa. Akarudia 1932 na 1933. Tena 1933 ubingwa wa wanawake ulikwenda kwa Fatima, naye wa nyumba ya huyohuyo Sir Umar!

Mcheza drafti analielewa hili upesi, maana akienda kijiwe kigeni huuliza kwanza sheria za pale. Fundi viatu wetu, mzee anayeheshimika, aliniuliza, "Mwalimu, yaani alikuwa anajifunza sheria huku anawafunga?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Basi lete huo ubao."

Tangu hapo kila tukikutana naanza na bingwa mmoja. Napanga kete kama zilivyokuwa mbele yake, nasimama kabla ya hatua yake, nawaachia wabishane. Ubishi huo umewafundisha kuliko maelezo yangu yote. Jonathan Penrose, mwenye mataji 10 kati ya 1958 na 1969, wanampenda kwa sababu mwaka 1960 alimfunga Mikhail Tal, bingwa wa dunia wakati ule. Lakini hakuna anayemfikia Sultan Khan, aliyemfunga hata Capablanca, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia.

FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ilimpa Sultan Khan heshima ya grandmasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji, mwaka 2024. Alikuwa amefariki tangu 1966. Kijiwe kizima kililalamika kwamba wamechelewa mno, na mimi niko upande wao.