Ukikuta mavi ya panya kwenye banda la kempu, usiguse ufagio

Wana-haikingi wenzangu naomba mnisikilize kwa hili. Mnafika kwenye banda la porini limefungwa miezi, mnafungua mlango, harufu ya mkojo wa panya inawapiga usoni, pembeni ya godoro kuna vipunje vyeusi vimechongoka ncha, sasa aliye msafi kuliko wote anadaka ufagio anaanza kufagia. Hapo ndo pabaya. Lile vumbi linaloruka lina mkojo na mavi yaliyokauka, na kama hao panya wana virusi vya hanta basi unavivuta moja kwa moja kifuani.

Mwaka 2012 pale hifadhi ya taifa ya Yosemite, Marekani, watu 10 waliugua hanta na 3 wakafa. Karibu wote walilala Curry Village, kempu ya humo hifadhini, kwenye yale mahema yenye kuta mbili, panya walikuwa wamejenga viota katikati ya kuta na mgeni amelala pale hajui kitu. Inaniuma sana hii, maana hawakufanya uzembe wowote, walilipia sehemu ya kulala tu.

Kwa hiyo fungua milango na madirisha yote halafu toka nje nusu saa nzima. Rudi na glavu na maji ya jiki, jiki kipimo kimoja maji vipimo tisa, mwagia taratibu mpaka palowe chapachapa, subiri dakika tano ndo ufute na karatasi, karatasi zote ndani ya mfuko, funga. Chakula kiwe kwenye chombo kigumu chenye mfuniko coz begi wanatafuna, na tundu la milimita 6 tu panya mdogo anapita.

Maji nayo. Homa ya mgunda, yaani leptospirosisi, inatoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, inaingilia kwenye vidonda, michubuko, macho, mdomo. Mashindano ya Eco-Challenge, yale ya kukatiza porini na mitoni, kule Sabah, Malaysia, mwaka 2000, makumi ya washiriki waliugua na wengi walikuwa wameogelea mto Segama. Watu wazima wenye mazoezi kabisa! Funika michubuko, usinywe maji ya mto bila kuchemsha, na hii ukiiwahi antibayotiki zinaitibu.

Hanta ndo haina dawa yake, na inachelewa kujitokeza, wiki 1 mpaka 8, umesharudi kazini na safari umeisahau. Inaanza na homa, uchovu, misuli ya mapaja na mgongo inauma, unasema ni mafua, halafu siku kadhaa mbele kifua kinabana pumzi haitoki. Usisubiri ufike hapo. Ukipata homa ndani ya hizo wiki nenda hospitali na umwambie daktari mwenyewe, hata asipouliza, kwamba ulilala sehemu yenye panya, maana wanachoweza ni kukusaidia kupumua mapema kabla mapafu hayajajaa maji.