Nikuongeze kachumbari?

Jumatano, Aprili 15, 2015

Shemeji alirudi Nairobi Jumatatu ya Pasaka, lakini mimi bado nabishana naye. Nabishana naye kwenye feri, nabishana naye stoo nikihesabu mashuka, nabishana naye nikisonga ugali. Juzi Baba Pendo akaniuliza nasema na nani jikoni. Nikamwambia nahesabu vitunguu.

Shemeji mnamjua, yule mkubwa wa ofisi ya serikali, aliyetusimamia harusi. Sijawahi kumjibu tangu niolewe. Walikuja kula Pasaka kwetu, na ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya zile tatu za maombolezo. Televisheni ilikuwa inaonyesha wazazi waliojipanga Nairobi kuwatambua watoto wao waliouawa na al-Shabaab kule Chuo Kikuu cha Garissa. Nikasema, wala si kwa ukali, "Sasa hawa wakubwa siku nzima ile walikuwa wapi?"

Shemeji akafuta mikono taratibu. "Mama Pendo, kupambana na magaidi ni kama kazi ya golikipa. Ataokoa mia, hakuna anayekumbuka. Lile moja lililompita ndilo mtakalolisema."

Maneno hayo hakuyatunga yeye. Aliyasema Amina Mohamed, waziri wa mambo ya nje, mbele ya waandishi wa habari, naye akayaokota. Lakini waziri hakuwa amekaa kwangu anakula pilau yangu.

Na mimi nikajibu nini? "Shemeji, nikuongeze kachumbari?"

Akasema ndiyo. Nikamwongeza.

Jibu la kwanza lilinijia usiku uleule, kila mtu amelala. Ningemwambia: haya, tuhesabu mabao. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, waliuawa watu 67. Basi la Mandera Novemba iliyopita, 28. Siku kumi baadaye machimboni, Mandera hiyohiyo, 36. Sasa Garissa, 148, na 142 kati yao ni wanafunzi. Na Mpeketoni je, zaidi ya 60? Lile Rais Uhuru Kenyatta alisema si al-Shabaab, ni mitandao ya kisiasa ya hapa nyumbani, ingawa al-Shabaab wenyewe walikuwa wanajigamba kwamba ni wao. Yaani tulijifunga wenyewe. Shemeji, lipi kati ya haya ndilo "lile moja"?

Jibu la pili, la kwenye feri, lilikuwa kali zaidi. Golikipa akifungwa, angalau anaruka. Wale vijana walivamiwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wapo waliojificha kabatini na chini ya vitanda, wanapiga simu nyumbani kwa kunong'ona. Kikosi maalumu cha polisi, Recce, ambacho ndicho kilichofundishwa kazi hiyo, kilifika kutoka Nairobi mchana, na kikaingia mabwenini jioni. Kilipoingia, kazi haikuchukua muda. Ndicho kinachonikata maini. Waandishi wa habari walikuwa wametoka Nairobi hiyohiyo kwa gari, zaidi ya kilomita 350, na walikuwa wamefika zamani. Halafu Rais akatoka kwenye televisheni akaamuru makurutu 10,000 wa polisi waende mafunzoni, wale ambao mahakama ilikuwa imefuta usajili wao kwa sababu ya rushwa. Na tume ya kuchunguza Westgate tuliyoahidiwa, mpaka leo sijaiona. Nilichobaki nacho cha Westgate ni yule waziri aliyetuambia ule moshi ni wa magodoro.

La tatu silipendi, maana linanigusa mimi mwenyewe. Jumatano ile, siku moja kabla, Rais aliwajia juu Waingereza na Waaustralia kwa kuwaonya watu wao wasije, akasema Kenya ni salama kama nchi nyingine yoyote. Kule hotelini tulishangilia! Tangu Mei mwaka jana, wageni wa Kiingereza walipokusanywa wakarudishwa kwao kwa ndege, sisi ni kufunga vyumba tu. Mpishi alisema sasa tumepata mtu wa kututetea. Kesho yake alfajiri ndiyo hiyo. Basi ningemuuliza shemeji: golikipa gani anayesimama golini akiwatukania watazamaji wanaompigia kelele kwamba mpira unakuja?

(Hili la mwisho nililitunga Ijumaa, siku tuliyopewa barua za likizo isiyo na malipo hadi mwisho wa Julai, na bado nadhani ndilo bora.)

Nilikuwa nimeshapanga hata namna ya kuliingiza. Angepiga simu Jumapili kama kawaida yake, nami ningeomba nimsalimie. Na Jumapili akapiga kweli, lakini mapema mno, sauti imempwaya. Alfajiri ile kule bweni la kampasi ya Kikuyu, Chuo Kikuu cha Nairobi, umeme ulikuwa umelipuka, wanafunzi wakadhani ni wao wamefikiwa, wakaruka madirishani. Mmoja amefariki, walioumia ni zaidi ya mia. Simu ilikuwa kwenye spika. Alikuwa anamuuliza Baba Pendo kama Pwani University, kule Kilifi, ina ukuta.

"Ukuta?"

"Ukuta, ndugu yangu. Na lango lina askari wangapi usiku?"

Binti yake alifanya mtihani wa Form Four mwaka jana, amefaulu vizuri, sasa anasubiri kupangiwa chuo. Wale wa Garissa wengi walipangiwa vivyo hivyo, kutoka kila pembe ya nchi, wakafunga mizigo wakaenda. Shemeji hataki apelekwe mbali, anatafuta mtu wa kumuona. Mtu wa kumuona, yeye anaye.

Sikuomba simu. Nilisimama pale na mwiko, lile jibu langu zuri limenikwama. Nilimuonea huruma, kusema kweli, kisha kabla chai haijachemka hasira zikarudi, ila hazikuwa zake tena peke yake. Nilikuwa nawawaza wazazi wasio na mtu wa kumuona. Huku naibu wa rais, Ruto, anawapa UNHCR, shirika la wakimbizi, miezi mitatu waihamishe kambi ya Dadaab, na anasema Kenya itabadilika kama Marekani ilivyobadilika baada ya Septemba 11. Huku kampuni za hawala, zile za kutumiana pesa, zimefungwa, na jirani yetu muuza vitambaa hajui mwezi huu pesa za kaka yake zitampitia wapi. Ukuta wa chuo sijasikia aliyeutaja, isipokuwa shemeji, kwa simu, kwa siri.

Pendo kaniambia niache, nitapata presha.

Tena Jumamosi ni zamu yangu ya kupokea kwenye chama chetu cha kuchangiana, na ndiyo pesa niliyokuwa nimeihesabia karo ya muhula wa pili. Mweka hazina hapokei simu tangu Jumatatu. Mama Rehema anasema ameenda matangani Taita na kule mtandao ni shida. Lakini WhatsApp yake inaonyesha alikuwa hewani jana saa tano usiku.