Tradition au Liberty: nilivyozipambanisha mpaka nikapanda levo ya Emperor

Wanaocheza Civilization V, ile gemu ya kompyuta ya kujenga dola kwa zamu, mnaujua huu ubishi. Ukianza gemu unachagua fungu la sera: uende Tradition ukae na miji minne iliyoshiba, au uende Liberty utawanye miji haraka kabla majirani hawajaichukua ardhi? Kila mtu ana jibu lake na kila mtu ana uhakika. Mimi nilitaka kutoka levo ya King kupanda Emperor, na kule kompyuta inapewa upendeleo zaidi, zamu za mwanzo ukizembea hao huwafikii tena, kwahiyo nikaona bora nizipime mwenyewe kuliko kuendelea kubishana na mdogo wangu kila jioni hapa Sinza.

Nacheza na Brave New World, ile nyongeza ya 2013, kwenye laptopu yuzdi ya Kariakoo, ramani saizi ya kawaida na spidi ya kawaida. Namba zote nitakazotaja ni za hapo. Uzuri wa gemu ya zamu ni kwamba umeme ukikatika hujapoteza kitu kikubwa, ina sevu ya yenyewe, ukirudi unaendelea ulipoishia.

Nilichofanya ni hiki, nimeanzisha gemu moja na Ethiopia ya Haile Selassie, nikasevu zamu ya kwanza kabisa kabla sijagusa kitu, halafu kila staili naianzia kwenye sevu ileile mpaka zamu ya 100, pale nasimama naandika kwenye daftari: watu wangapi, sayansi kiasi gani kwa zamu, National College, lile jengo la sayansi, imeisha lini. Raundi ya kwanza nilizunguka tu kuiona ramani na sikuihesabu, manake ingekuwa sio haki staili moja icheze gizani na nyingine icheze huku naijua njia.

Nianze na Tradition. Watu wanaisifia ile sera ya kufungua tu, inayoupa mji mkuu utamaduni 3 kila zamu, lakini kwangu utamu upo kwenye Legalism. Hii inakupa jengo la utamaduni bure kwenye miji yako minne ya kwanza. Sasa Ethiopia jengo lao la mwanzo ni Stele, linakaa mahali pa Monument, jengo la utamaduni la mataifa mengine, na linatoa imani 2 juu ya utamaduni. Umeona? Miji minne, Stele za bure, imani 8 kila zamu na hujatumia nyundo (nguvu ya ujenzi ya mji) hata moja kule kwenye miji mipya, nyundo zote zinaenda kwenye ghala na maktaba. Kwahiyo mji mpya ukisimama mimi siweki Stele kwenye foleni hata kidogo, naisubiri Legalism iilete. Halafu ukija kuimaliza Tradition yote unapewa mifereji ya maji bure kwenye miji minne hiyohiyo na ukuaji unaongezeka asilimia 15, hapo miji inavimba kweli kweli.

Liberty nayo ina raha yake jamani tusiibeze. Sera yake ya Collective Rule inakupa setla wa bure, yaani mtu wa kuanzisha mji mpya, na setla ni nyundo 106, mji mkuu ambao bado mchanga unatoa nyundo kama 8 hivi unakaa zamu 13 unamtengeneza huyo mtu mmoja, na muda wote huo mji haukui, umeganda palepale. Sera moja inakufutia hayo yote, na masetla wanaofuata wanatoka haraka zaidi. Kwenye daftari langu Liberty ilikuwa mbele kwa miji na kwa ardhi muda mrefu tu, ukiangalia ramani unasema hapa nimeshashinda.

Ila hesabu ya furaha ndo inakukaba. Unaanza na furaha 9, kila mji unakula 3, kila mtu anakula 1, na kila aina ya anasa inakurudishia 4, iwe dhahabu, hariri, ndizi haimo hiyo ni chakula tu. Chukua Tradition yenye mji mkuu wa watu 6 na miji mitatu ya watu watatu watatu: watu 15, miji inakula 12, jumla 27. Ukiwa na anasa aina nne una 25, sera ya Monarchy ndani ya Tradition inakupunguzia 3 kwa ule mji mkuu, umepita. Sasa chukua Liberty yenye miji sita, mji mkuu watu 4 na mitano ya watu watatu: watu 19, miji 18, jumla 37. Na anasa zilezile nne una 25! Meritocracy, sera ya Liberty, inakusaidia 1 kwa kila mji uliounganishwa na mji mkuu, lakini hapo mpaka barabara ziwe zimefika, na barabara zenyewe zinalipiwa kila zamu. Unahitaji anasa aina sita pamoja na hizo barabara ndo upumue. Na ukiwa na mbili za aina moja haihesabiki mara mbili, ile ya ziada kazi yake ni kubadilishana na jirani. Furaha ikienda chini ya sifuri ukuaji unashuka mpaka robo, kwahiyo ile miji yako sita inakaa vilevile imedumaa huku mwenye minne anakukimbia.

Kingine ni National College. Ili uijenge lazima kila mji wako uwe na maktaba. Maktaba ni nyundo 75, miji minne ni 300, miji sita ni 450, na ile miji ya mwisho ndo ina nyundo mbili tatu tu kwa zamu. Na College bei yake inapanda kadiri miji inavyoongezeka. Kwenye raundi zangu Tradition iliipata mapema kila mara, na pale ndipo sayansi ilipoanza kuachana, manake inauongezea mji asilimia 50. Juu ya hapo kila mji unaoongeza unapandisha gharama ya teknolojia kwa asilimia 5.

Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, umechagua Ethiopia, lazima Tradition ishinde." Na ana pointi, tena kubwa, manake Ethiopia wanapata nguvu asilimia 20 wakipigana na nchi yenye miji mingi kuliko yao, ile roho ya Adwa ya 1896, yaani wameumbwa kukaa na miji michache. Basi nikarudia kila kitu na Songhai, ramani nyingine, na hiyo ramani ilikuwa na ardhi tupu kubwa, mto, na anasa za kila aina pande zote. Hapo Liberty ikaongoza mpaka zamu ya 100 na haikushikika. Nikamwita aje aone, akafurahi huyo.

Kwahiyo siku hizi sichagui sera kabla gemu haijafunguka. Ni kama namua kwenye bao, kabla ya mtaji unasoma kwanza kete zimekaaje. Natengeneza skauti, skauti wa pili, halafu Monument, na sera ya kwanza inataka utamaduni 25 kwahiyo kabla haijafika maskauti wameshanionyesha karibu kila kitu kinachonizunguka. Nahesabu aina za anasa ninazoweza kuzifikia kabla ya jirani. Nikiona sita au zaidi na hakuna mtu karibu, Liberty bila kusita. Zikipungua hapo, Tradition, na kwa Emperor mara nyingi ni Tradition. Honor, fungu la sera za vita, naigusa tu kama babariani (maadui wa porini wasio na nchi) wamejaa na ardhi ni finyu na jirani amekaa puani, hapo unakimbilia teknolojia ya Construction upate wapiga mishale wa Composite Bowman wachache ukamchukulie mji wake, lakini ni njia ya mtu anayependa vita, mimi sio sana, mdogo wangu ndo anaipenda.

Great Library, lile jengo la ajabu linalopatikana kwa mmoja tu atakayewahi kulimaliza, kwa Emperor naiacha, kompyuta inaiwahi na nyundo zako zinageuka senti kidogo za dhahabu. Bora setla. Na setla wangu hatoki mpaka mji mkuu ufike watu watatu hivi, na akitoka anatembea na askari wa warrior kwenye kigae kimoja, manake babariani wakimdaka wanaondoka naye kambini na ukija kumkomboa umeshapoteza mji, unarudishiwa woka, mfanyakazi tu asiyeweza kuanzisha mji.