Unabadili taa ya dari? Swichi ya ukutani usiiamini

Kuna watu wakitaka kubadili taa ya dari wanazima swichi ya ukutani basi, wanapanda stuli na bisibisi mkononi, na kwa kua hawajawahi kupigwa shoti ukiwaambia wazime meni swichi wanakuona muoga. Juzi nilikua natoa ile tyubulaiti ya zamani ya sebuleni, yenye choki na stata, naweka LED ya duara ya wati 24 niliyochukua Kariakoo, na nilichokikuta huko juu ya jipsamu ndo kimenifanya niandike.

Dalili zilikuwepo mda mrefu tu. Globu ya LED ya koridoni ukiizima usiku inabaki na kamwanga hafifu, na sote humu ndani tulishakubaliana kwamba ni globu feki. Inaweza kua feki kweli, ila sababu nyingine ya kawaida sana ni swichi kukata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya kukata moto (waya unaoleta umeme). Yaani moto unafika kwenye taa saa zote, swichi inachofanya ni kufunga njia ya kurudi tu, taa nyingi zinazimika vizuri kabisa na hakuna anaeshtuka mpaka siku mtu ameshika waya.

Basi nikazima swichi, nikagusa waya mwekundu kwa testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani, ikawaka. Nikashuka nikaenda kuzima meni swichi. Na hapa nasema meni swichi yenyewe sio ile breka ndogo ya taa, maana breka ndogo kwenye bodi nyingi inakata waya mmoja tu, sasa kama aliefunga nyumba aligeuza moto na nyutro hukohuko kwenye bodi unakua umekata nyutro na moto upo palepale, ila meni swichi inakata zote mbili. Friji itavumilia. Testa nayo ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme afu ndo upande nayo, na ukishapanda usiwe na haraka ya kuisoma, ukiwa umesimama juu ya stuli ya plastiki kataa kake kanaweza kuwaka hafifu mno, mchana mweupe hukaoni, unasema hamna umeme kumbe volti 230 zinakusubiri.

Rangi ndo usiseme. Nyumba za zamani nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro, taa mpya inakuja na kahawia ambayo ni moto na bluu ambayo ni nyutro, ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini) ni kijani yenye mstari wa njano, hiyo ni kwenye karatasi, fundi akiishiwa waya mwekundu saa kumi jioni anamalizia na wowote uliopo kwenye begi. Piga picha kabla hujafungua chochote. Ukikuta nyekundu kadhaa zimefungwa pamoja huo mara nyingi ni moto wa moja kwa moja unaopita kwenda taa nyingine, ukiuunga kwenye taa yako haitazimika milele.

Kwangu boksi la maungio lilikua juu ya dari, hamna konekta hata moja, waya zimesokotwa na kuzungushiwa tepu, na kwa joto la bati la Dar gundi ilishayeyuka tepu imejikunja shaba inaonekana. Waya wa taa umeungwa kwenye moto, waya wa swichi umeungwa kwenye nyutro. Nikazibadilisha, wa swichi ukaenda kwenye moto na wa taa kwenye nyutro, zote kwa konekta za skrubu, na kila waya nikauvuta kuona kama umekaa. Ila sasa pale kwenye taa ule mweusi ndo umekua moto unaotoka kwenye swichi, kwahiyo nikauvalisha tepu nyekundu na ule mwekundu nikauvalisha nyeusi, ili atakaepanda baada yangu asije kunilaani.

Kufunga taa yenyewe ni kazi ndogo. Skrubu zishike kwenye mbao sio kwenye jipsamu tupu, gonga kwa kidole utasikia panapobadilika mlio. Kama bodi ya taa ni ya chuma inataka ethi, na kama darini hamna waya wa ethi usije ukaiunga kwenye nyutro eti ndo ileile, nyutro ikikatika mahali hiyo bodi yote inakua na umeme. Yangu ni ya plastiki ina ile alama ya mraba ndani ya mraba, haihitaji ethi.

Imewaka, ikizimwa inazimika kabisa. Imebaki koridoni na vyumbani, na bodi nzima ya breka inataka kukaguliwa, mwenye nyumba anasema nimpigie fundi wake yuleyule aliefunga umeme wa nyumba hii. Nimemjibu asante mzee, ntatafuta mwenye leseni ya EWURA.