Jinsi nilivyoirudisha sauti yangu bila kuacha kufundisha

Nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi wilayani Temeke. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, si ajabu huku kwetu kukuta watoto zaidi ya mia moja katika chumba kimoja kisicho na dari, huku honi za daladala zikiingilia dirishani. Sauti yangu ilianza kukwaruza kila ifikapo katikati ya wiki na kupona Jumapili, hadi ikafika mahali haikupona hata likizo. Wenzangu waliniletea tangawizi, asali na pipi za koo, nami nawashukuru kwa upendo wao. Lakini unachomeza huelekea tumboni, wala hakigusi nyuzi za sauti, ambazo zimo katika njia ya hewa.

Daktari wa masikio, pua na koo alipitisha kamera nyembamba puani, akanionesha vinundu viwili, kimoja kila upande, pale nyuzi zinapogongana. Nyuzi za mwanamke hugongana takriban mara 200 kwa sekunde anapozungumza, na anapopaza sauti hugongana kwa nguvu zaidi. “Mwalimu, hapa hatukimbilii upasuaji,” aliniambia, kwa kuwa vinundu vya aina hiyo mara nyingi hupungua iwapo mtu atabadili namna anavyoitumia sauti yake.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuacha kushindana na kelele. Mtu akiwa penye kelele hupandisha sauti bila kukusudia, kwa hiyo niliamua kelele ishuke kwanza: napiga makofi kwa mpigo ambao watoto wanaujua, wanaujibu, kisha nasubiri kimya hadi wote watulie ndipo nianze kusema. Ninatembea katikati ya madawati badala ya kuita kutoka ubaoni, na mvua inapopiga mabati watoto hufanya zoezi lililoandikwa, kwa maana hakuna koo la kuishinda mvua ile. Mwalimu wa taaluma, Mungu ambariki, alinitenganishia vipindi vilivyokuwa vikifuatana.

Asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, nazamisha mrija katika glasi ya maji na kuvumisha “uuu” hadi mapovu yatoke. Mgandamizo wa hewa inayorudi huziwezesha nyuzi kutikisika bila kugongana sana. Nakunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima, nafuta ubao kwa kitambaa kibichi, na sinong'oni, kwa sababu kunong'ona kwa kujikaza nako huchosha koo.

Nilipopimwa tena, vinundu vilikuwa vimesinyaa. Hata hivyo, naona si haki mzigo huu kumwangukia mwalimu peke yake, wakati dari na madarasa ya kutosha vingepunguza kelele tunazopambana nazo. Na kwa mwalimu ambaye sauti yake imekwaruza zaidi ya wiki tatu, namsihi aende kituo cha afya aombe rufaa, kwa kuwa si kila ukwaruzaji hutokana na kufundisha, na hilo haliwezi kujulikana bila daktari kutazama ndani ya koo.