Jaji ni Jaji, Lakini Mimi Namvulia Kofia Hakimu

Kila Rais akiteua majaji wapya, simu yangu hailali. Orodha inazunguka WhatsApp kabla wenyewe hawajafika Ikulu kuapa, na haipiti muda shangazi yangu atapiga. "Mwanangu, nimesoma majina yote mpaka chini. La kwako sijaliona. Lini sasa?" Kwa shangazi, uwakili ni kituo cha basi, na mimi nimekaa kituoni muda mrefu hadi watu wameanza kuulizana nina tatizo gani.

Nimeona nijibu hapa, kwa sababu swali lenyewe haliishi na halimhusu shangazi peke yake. Hata wanafunzi wa sheria wanaokuja ofisini kwangu hapa Mwanza wameipanga kazi hii kama ngazi: chini hakimu wa mahakama kama za mwanzo na za wilaya, kati wakili, juu jaji wa Mahakama Kuu na Rufani, na pembeni kidogo profesa, ambaye wanamheshimu lakini hawamwonei wivu.

Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulikuwa watatu tusioachana. Mmoja amekuwa mhadhiri, mmoja hakimu, na mimi nikaangukia kwenye uwakili. Nianze na kwangu.

Watu wakisikia wakili wanaona joho jeusi, bendi nyeupe shingoni, na mtu anayenguruma. Joho langu hutoka kabatini ninapokwenda Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani. Siku zilizobaki kazi ni mhuri. Anakuja kijana ambaye cheti cha kuzaliwa kinamwita Yohana na cha kidato cha nne kinamwita John. Namwandalia kiapo cha majina. Anakuja mama aliyepoteza kadi ya pikipiki. Wanakuja wawili wanaouziana kiwanja, pamoja na mjumbe wao na shahidi ambaye hajui ameletwa kushuhudia nini. Wakili chipukizi anaishi kwa mhuri huo, na hizo hukumu za kihistoria alizoziota chuoni zitamkuta mbele ya safari kama atakuwa bado anaweza kulipa kodi ya ofisi.

Halafu kuna kusubiri. Kesi imepangwa kutajwa saa tatu. Hakimu yuko semina, au shahidi wa mashtaka amekosa nauli, au jalada limeitwa Mahakama Kuu. Inaahirishwa. Mteja ananigeukia kana kwamba tarehe nimeitoa mimi mfukoni. Na tukishinda, ameshinda yeye kwa sababu haki ilikuwa yake. Tukishindwa, wakili kanunuliwa. Nimezoea. Nisichozoea ni yule anayelipa nusu ya ada na kupotea siku ya hukumu, tena hukumu nzuri.

Siku hizi hata kufika kwenye huo mhuri ni shughuli. Sisi wa kabla ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, yaani ile Law School iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2008, tulifanya mafunzo katika ofisi za watu, kisha tukahojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Mwaka 2022 matokeo ya Taasisi yalizua kelele nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Vyuo vikasema kosa ni la Taasisi, Taasisi ikasema vyuo vinaleta watu wasiojua kuandika. Mimi ninaowapokea ofisini naegemea upande wa pili, ingawa najua nitapigwa mawe.

Hapo ndipo anapoingia rafiki yangu mhadhiri, maana ndiye anayesahihisha hizo karatasi. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wenyewe, na tangu hapo kimekuwa kikitoa watu kuliko kinavyoweza kuwabakiza. Asha-Rose Migiro alikuwa mhadhiri pale kabla ya uwaziri na kabla ya kwenda kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Ibrahim Juma alifundisha miaka mingi, akateuliwa jaji, na mwaka 2017 akawa Jaji Mkuu. Willy Mutunga, aliyesoma sheria hapo hapo Mlimani, alifundisha Nairobi, akawekwa kizuizini mwaka 1982, na karibu miaka 30 baadaye akawa Jaji Mkuu wa Kenya. Waliobaki ubaoni wanahesabika. Issa Shivji alibaki hadi akastaafu, na hata alipoitwa na Serikali kuongoza Tume ya Ardhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, alirudi darasani. Rafiki yangu anasema anayeingia uhadhiri wa sheria lazima aamue mapema kama anafundisha au anasubiri simu. Yeye hasubiri simu. Anasubiri wanafunzi wake waache kunakili tasnifu za wenzao.

Sasa majaji. Sisemi kazi ile ni nyepesi. Jaji wa Mahakama Kuu anafunga safari kwenda mikoani kwenye vikao vya mauaji, anasikiliza mambo ambayo wewe na mimi tungeyakimbia, na mwisho wake kuna adhabu moja tu ambayo sheria inampa akimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kukusudia. Kisha anarudi kuandika hukumu ambazo wenzake watatu wa Rufani watazichambua kwa utulivu. Jaji James Mwalusanya alitamka mwaka 1994, akiwa Dodoma, kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Rufani wakaikataa hoja yake, na adhabu ipo mpaka leo. Umri nao una mpaka: Mahakama Kuu miaka 60, Rufani 65.

Lakini jaji ana jina. Julie Manning anakumbukwa kwa kuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Mahakama Kuu, katika miaka ya 1970, kabla ya kuwa Waziri wa Sheria. Augustino Ramadhani tunamsimulia mpaka leo: brigedia wa jeshi, Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, rais wa Mahakama ya Afrika pale Arusha, na juu ya yote kasisi wa Kianglikana. Zephrine Galeba aliandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Musoma, na Siku ya Sheria ya mwaka 2021 Rais Magufuli akatangaza mbele ya watu kwamba anampandisha Rufani. Hakimu wa wilaya anaweza kuandika hukumu nzuri mpaka kalamu iishe wino, na atakayejua ni karani wake.

Namzungumzia rafiki yangu wa tatu, yule hakimu. Nikimpigia namwita Mheshimiwa, yeye ananiita wakili msomi, tunacheka, halafu tunazungumza ya watoto. Ya kesi hatuyagusi. Shauri langu likiangukia kwake anajitoa siku hiyo hiyo, na sasa nimeacha hata kupokea kesi za wilaya yake, maana si haki kwa mteja kuanza upya.

Niliwahi kukaa nyuma kwenye chumba chake cha mahakama kabla sijajiwekea utaratibu huo, nikamtazama akifanya kazi. Kesi ilikuwa ya unyang'anyi. Shahidi, mzee mmoja, alikuwa anamwaga maneno kama anayesimulia jirani yake, na kila baada ya sentensi mbili hakimu ananyanyua mkono wa kushoto: "Taratibu mzee, naandika." Anaandika yeye mwenyewe, kwa mkono, neno la shahidi, swali la mwendesha mashtaka, jibu, pingamizi la wakili, uamuzi wake kuhusu pingamizi. Wakati ule ushahidi ulitoka kwa Kiswahili na kuingia kwenye jalada kwa Kiingereza, na aliyeutafsiri ni huyo huyo anayeandika, huku anamwangalia shahidi usoni aone kama anasema kweli. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, mzigo huo ukapungua. Kalamu haikupungua.

Mzee akafika mahali aliposema alimtambua mshtakiwa usiku. Wakili wa utetezi akasimama, na kila mwanasheria mle ndani alijua anakwenda wapi: shauri la Waziri Amani (jina la mtu, si cheo) la mwaka 1980, kuhusu kumtambua mshtakiwa usiku, ambalo kila anayeshughulikia kesi za jinai nchini analo kichwani. Mwanga ulikuwa wa nini? Umbali gani? Ulimwangalia kwa muda gani? Ulimfahamu kabla? Mzee akajibu kwamba kulikuwa na taa. Hakimu akaacha kuandika. "Taa ya aina gani, mzee? Ilikuwa wapi?" Ilikuwa ya kandili, ilikuwa ndani, na wao walikuwa nje. Akaandika hilo polepole kuliko yote. Mahakama ya juu itakayokuja kuisoma kesi hiyo haitamwona mzee wala kandili. Itasoma alichoandika mtu huyu, na kama angekuwa amechoka akaandika tu "kulikuwa na taa", mtu angeweza kufia gerezani kwa neno hilo moja.

Asubuhi hiyo alikuwa na majalada mengine mezani yanamsubiri, yamefungwa kwa kamba.

Na maisha nje ya pale? Amehamishwa mara kadhaa, watoto wamebadilisha shule kila walipoanza kupata marafiki. Harusini anakaa nyuma na anaondoka kabla ya picha. Sokoni anatuma mtu, kwa sababu akipunguziwa bei hajui kapunguziwa yeye au kapunguziwa hakimu. Aliwahi kurudi nyumbani akakuta gunia la mchele mlangoni, halina jina. Akalibeba yeye mwenyewe hadi mahakamani kesho yake, akaita pande zote za kesi alizokuwa nazo wiki ile, akaeleza alichokikuta na kuagiza kiandikwe. Hakuna aliyelikubali. Mkewe hakuzungumza naye siku nzima, si kwa sababu ya mchele, ila kwa sababu aliyeleta gunia anajua wanapolala.

Mawakili wenzangu watasema napamba. Wapo mahakimu wa hovyo, najua, nimesimama mbele yao. Lakini hebu tazameni hata hizo kesi tunazowasifia majaji.

Kila mwanafunzi wa sheria Tanzania anasoma shauri la Holaria Pastory. Alirithi shamba kwa baba yake, kwa wosia halali, huko Kagera. Alipoona uzeeni hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephrahim, jamaa wa ukoo, akaenda mahakamani: kwa mila ya Wahaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Sheria ilikuwa upande wake kabisa, imeandikwa katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963: mwanamke anaweza kuitumia ardhi hiyo maisha yake yote, kuiuza hapana. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Mwaka 1990 shauri likamfikia Jaji Mwalusanya hapa Mwanza, naye akaandika hukumu ambayo inatajwa Afrika nzima: kanuni hiyo inabagua, Katiba inakataza ubaguzi, Holaria ana haki ya kuuza kama mwanamume yeyote.

Nilipokuwa mwaka wa pili nilidhani hadithi ni hiyo. Baadaye nikalisoma shauri lote, si muhtasari wa darasani. Aliyekata rufaa Mahakama Kuu hakuwa Holaria, alikuwa Bernardo. Maana yake Holaria alikuwa ameshashinda kabla ya Mwanza. Alishinda Mahakama ya Wilaya ya Muleba, na sababu aliyoitoa hakimu wa Muleba ndiyo hiyo hiyo: haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, ambazo zilikuwa zimeanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988 tu. Wino ulikuwa haujakauka. Hakimu wa wilaya, peke yake, bila maktaba ya maana, aliiweka pembeni mila iliyoandikwa kuwa sheria robo karne kabla, akijua anaweza kufutwa na mkubwa wake. Mwalusanya alimuunga mkono na kuliandika kwa ufasaha, na anastahili sifa zake zote. Lakini darasani kwetu hakimu yule hakutajwa hata kwa cheo.

Shangazi, nikikueleza haya utasema nimekwepa swali. Ni kweli, kuna na hili: mimi napenda kubishana na nalipenda jina langu mlangoni, na mtu wa namna hiyo akipewa kiti cha kuamua atawakatiza mashahidi. Nimewahi kuitwa kwenye mazungumzo kuhusu nafasi fulani nikasema hapana, na sikukwambia.

Binti wa shemeji yangu yuko mwaka wa tatu wa sheria na likizo hii anatakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo. Alitegemea ofisini kwangu, kwenye kiyoyozi, au Mahakama Kuu apige picha nje ya jengo. Nimemwombea nafasi Mahakama ya Mwanzo, kwenye mirathi, talaka na wizi wa kuku, na barua imeshajibiwa. Anaanza Jumatatu. Amenuna, na mama yake ameninunia pia.